Mwanagenzi wa Kikatalani Apewe Jembe

Liko swali moja ambalo mwanafunzi wa chuo kikuu anayejiandikisha kusoma lugha ya Kikatalani huulizwa kabla hajafungua kitabu. Swali lenyewe ni hili: "Kikatalani cha nini?" Anayesoma Kifaransa haulizwi. Anayesoma Kihispania hupongezwa. Lakini aliyechagua Kikatalani hutakiwa ajieleze, kama mtu aliyekutwa njiani usiku na mzigo usiojulikana. Wazazi humwuliza, wanafunzi wenzake humwuliza, na lililo zito zaidi, wakuu wa vyuo huliuliza wanapogawa fedha, walimu na vyumba vya kufundishia. Swali hili lastahili jibu, na jibu lenyewe lisitolewe kwa sauti ya mtu aombaye radhi.

Wanaouliza ni wa makundi mawili. Wa kwanza ni wahesabuji, ambao hupima lugha kwa wingi wa vichwa. Wa pili ni wale wasemao kwamba kila Mkatalani wa Hispania ajua Kihispania, basi Kihispania chatosha. Nitawajibu wote. Lakini liko kundi la tatu ambalo haliulizi kitu, nalo ndilo limdhurulo mwanagenzi kuliko hayo mawili. Hao ni wenyeji wa lugha wenyewe, ambao kwa adabu njema humnyima mgeni kile alichokifuata. Adui aliye nje hufungiwa mlango. Mwenyeji anayeufunga mlango wa nyumba yake huku akitabasamu, nani wa kumzuia? Hao ndio nitakaoshindana nao zaidi katika maneno haya.

Kwanza tuitambue lugha tunayoisemea. Kikatalani ni mtoto wa Kilatini, ndugu wa Kifaransa, Kiitalia, Kireno, Kihispania na Kioksitani. Si lahaja ya Kihispania, kama vile Kireno kisivyokuwa lahaja ya Kihispania. Husemwa Katalunya, ambayo mji wake mkuu ni Barcelona. Husemwa Valencia, ambako wenyewe hukiita Kivalencia. Husemwa katika visiwa vya Baleari, ambavyo kikubwa chao ni Mallorca. Husemwa katika ukanda wa mashariki wa Aragon, na kusini mwa Ufaransa pande za Perpignan, na katika mji wa Alghero kisiwani Sardinia. Katika nchi ndogo ya Andora, iliyo juu ya milima ya Pirenei, ndiyo lugha rasmi ya pekee. Wasemaji wake wote hukadiriwa kuwa karibu milioni 10. Juu ya jina la lugha wako wanaobishana, lakini chuo cha lugha cha Valencia chenyewe kilikiri mwaka 2005 kuwa Kivalencia na Kikatalani ni lugha moja.

Wala si lugha iliyozaliwa juzi. Ramon Llull wa Mallorca, aliyezaliwa yapata mwaka 1232, aliandika falsafa kwa Kikatalani katika zama ambapo wanazuoni wa Ulaya waliona kuwa hekima haina vazi jingine ila Kilatini. Kitabu cha Joanot Martorell kiitwacho *Tirant lo Blanc* kilipigwa chapa Valencia mwaka 1490, na zaidi ya miaka 100 baadaye Cervantes, bingwa wa Kihispania, alimfanya padri katika *Don Quixote* akiokoe kitabu hicho na moto kwa kukisifu kupita vingine vyote vya aina yake. Naye Mercè Rodoreda, akiwa uhamishoni, aliandika *La plaça del Diamant*, riwaya iliyotoka mwaka 1962 na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Lugha yenye urithi huo haihitaji kuombewa nafasi. Yahitaji kusomwa.

Sasa niwageukie wahesabuji. Hawa husema: Kihispania kina wasemaji mamia ya mamilioni, Kikatalani kina milioni 10, mwenye akili atachagua wapi? Hoja hii yaonekana nzito mpaka ipimwe. Kidenmaki kina wasemaji kama milioni 6, na Kifini kama milioni 5. Nani aliyewahi kumkemea mwanafunzi aendaye Copenhagen kwa sababu anajifunza Kidenmaki? Nani amwambiaye aendaye Helsinki kwamba Kifini ni anasa? Basi idadi siyo iliyomchukiza mhesabuji. Kilichomchukiza ni kwamba Kidenmaki kina dola nyuma yake, chenye bendera, jeshi na kiti katika mikutano ya wafalme na marais, na Kikatalani kina dola moja tu nayo ni Andora. Mtu huyu hahesabu wasemaji. Ahesabu nguvu, kisha aipa nguvu jina la hesabu. Kama hiyo ndiyo hoja yake, aiseme waziwazi, nasi tutaijibu waziwazi: chuo kikuu hakikujengwa ili kiwe mpambe wa wenye nguvu.

Na zaidi ya hayo, mhesabuji hudhani kuwa mwanafunzi ajifunzapo lugha huchukua wasemaji wote mfukoni. Hakuna mwanadamu azungumzaye na watu milioni 500. Mtu huzungumza na mwenye nyumba wake, na mwalimu wake, na muuza mkate, na rafiki wawili watatu, na maiti wachache walioacha vitabu. Kwa mwanafunzi akaaye Girona au Mallorca, watu hao aghalabu husema Kikatalani wanapokuwa wao kwa wao. Idadi ya wasemaji wa dunia nzima haitamsaidia kuelewa mzaha unaosemwa mezani pake.

Kundi la pili lina hila zaidi. Hawa hawaidharau lugha, hata huisifu. Walakini husema: kwa kuwa Wakatalani wa Hispania wote wajua Kihispania, mgeni ana haja gani ya kujisumbua? Hapa ni lazima tuulize jambo ambalo hawaliulizi. Wamekijuaje? Watu milioni kadhaa hawaamki asubuhi moja wakakuta lugha ya pili vinywani mwao.

Historia ina jibu. Mwaka 1659 nchi ya kaskazini mwa Pirenei ilikatwa ikapewa Ufaransa, na mwaka 1700 mfalme Louis wa 14 alipiga marufuku Kikatalani katika hati za serikali za huko. Barcelona ilianguka mbele ya majeshi ya mfalme Felipe wa 5 tarehe 11 Septemba 1714, na kwa amri ya mwaka 1716 Kihispania kikawa lugha ya baraza kuu la hukumu katika Katalunya. Karne ya 20 ilipoingia, lugha ilipata fundi wake, Pompeu Fabra. Mtu huyu alikuwa mhandisi, na kwa miaka kadhaa alifundisha elimu ya kemia mjini Bilbao; lakini ndiye aliyeongoza kanuni za maandishi za mwaka 1913, akatunga sarufi ya mwaka 1918 na kamusi ya mwaka 1932. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaisha mwaka 1939 kwa ushindi wa Jenerali Franco. Kikatalani kikafukuzwa shuleni na maofisini, na vitabu vyake vikawekwa chini ya marufuku na ukaguzi mkali. Fabra akafa uhamishoni mwaka 1948, katika mji wa Prada upande wa Ufaransa. Kizazi kizima kilijifunza kuandika barua za mapenzi kwa lugha ambayo hakikubembelezewa nayo. Hata katiba ya mwaka 1978, iliyorudisha haki nyingi baada ya kifo cha Franco mwaka 1975, imeagiza kuwa kila raia wa Hispania ana wajibu wa kukijua Kihispania. Wajibu kama huo juu ya Kikatalani haikuuweka.

Basi asemaye, "Wote wajua Kihispania," asema kweli, ila ni kweli ya hakimu asomaye mwisho wa shauri bila ya mwanzo wake. Ukimnyima mtu kiti kwa miaka mingi, usije ukamsifu kwa uhodari wa kusimama, kisha ukasema kuwa hana haja ya kiti. Mgeni ajifunzaye Kikatalani hamwokoi mtu asiyeweza kusema naye. Amfanyia jambo jingine lililo dogo na la heshima: amwendea kwa lugha ambayo mwenyeji hakuamriwa kuijua.

Nisieleweke vibaya. Sisemi lolote hapa juu ya mabishano ya siasa, kama Katalunya ibaki ndani ya Hispania au ijitenge, mabishano yaliyowaka sana mwaka 2017. Wakatalani wenyewe wamegawanyika katika jambo hilo, na wako wasemao Kikatalani usiku na mchana ambao hawataki kutengana kabisa. Lugha ilikuwako kabla ya ugomvi huo, na mwanagenzi hana wajibu wa kuchagua bendera kabla ya kujifunza kusema "bon dia".

Tena Kihispania si ngazi ya kupandia Kikatalani, kama wengi wanavyodhani. Mara nyingi ni tope la kutelezea. Chukua mfano mmoja. Mkatalani akisema "vaig cantar", maneno hayo moja moja ni "naenda" na "kuimba", nayo yafanana sana na ya Kihispania "voy a cantar", yenye maana ya "nitaimba". Mwanagenzi aliyeletwa na Kihispania hufurahi kuwa amekwisha elewa. Kumbe "vaig cantar" maana yake ni "niliimba". Alikuwa akitazama mbele, na msemaji alikuwa akitazama nyuma. Chukua na saa. Mkatalani akisema kwa desturi yake ya kale "dos quarts de cinc", yaani robo mbili za kuiendea saa ya tano ya hesabu ya Kizungu, mgeni aliyezoea saa ya Madrid huhesabu vidole. Nayo kwa hesabu yetu ni saa kumi na nusu.

Msemaji wa Kiswahili, kwa upande wake, huenda akaona wepesi mahali ambapo Mhispania huona taabu. Neno dogo "hi" la Kikatalani hurejea mahali palipokwisha tajwa, hata mtu akaweza kusema "hi sóc" kwa maana ya "nipo". Kihispania hakina neno hilo. Sisi tuna -po, -ko na -mo. Neno "en" hurejea vitu vilivyokwisha tajwa: mtu akiulizwa juu ya machungwa hujibu "en vull tres", nasi hujibu "nataka matatu", na ile "ma" hubeba machungwa yote bila ya kuyataja tena. Hata maandishi yana udugu wa bahati: "ny" ya Catalunya ni "ny" ya nyumba. Nataja haya ili ionekane kwamba njia za kuingia katika lugha ni nyingi, na kwamba darasa la wanaoanza linalodhani kuwa kila aingiaye amekwisha pitia Kihispania limewafungia watu wengi mlango bila ya sababu. Joan Gili, Mkatalani aliyehamia Uingereza na kuwa muuza vitabu, alitoa sarufi ya Kikatalani kwa wasomao Kiingereza mwaka 1943, wakati lugha yake ilipokuwa imenyamazishwa kwao. Hakuwaambia wasomaji wake waende kwanza wakajifunze Kihispania.

Sasa nafika kwa kundi la tatu.

Mwanagenzi amejifunza miezi miwili. Ametunga sentensi yake, ameigeuza kichwani mara tatu, ameingia dukani na kuitamka. Muuzaji amsikia, atambua lafudhi ya kigeni, na palepale, kwa uso wa bashasha, amjibu kwa Kihispania. Muuzaji huyu hana chuki. Aona kuwa amemrahisishia mgeni kazi. Mwanagenzi ajaribu tena kesho, na kesho kutwa, na jibu ni lilelile. Baada ya wiki chache huacha kujaribu, na mwisho wa mwaka hurudi kwao akisema, "Kule Kikatalani hakitumiki." Lakini ametoka mjini ambako watu walikisema masikio yake yote mawili yakisikia, ni yeye tu ambaye hawakumsemesha nacho.

Desturi hii ina asili yake. Watu waliokatazwa lugha yao mbele ya karani na mbele ya askari hujifunza kuificha mbele ya kila uso wasioujua. Hofu iliyokaa muda mrefu hujivika nguo za adabu, na wajukuu hurithi nguo bila ya kukumbuka hofu. Si haki kumlaumu babu aliyenyamaza mwaka 1950. Lakini ni haki kumwuliza mjukuu wake, ambaye leo hakatazwi na mtu, kwa nini angali ananyamaza.

Na matunda ya desturi hii yanaonekana katika hesabu. Kwa uchunguzi wa serikali ya Katalunya, mwaka 2003 watu waliosema kuwa Kikatalani ndiyo lugha yao ya kawaida walikuwa asilimia 46 ya watu wazima. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 32.6. Katika miaka hiyo nchi ilipokea wageni wengi sana kutoka pande zote za dunia, hata jumla ya watu ikapita milioni 8. Wako wanaowatupia wageni hao lawama zote. Lakini uchunguzi huohuo waonyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya watu wazima waweza kukisema Kikatalani. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba wako watu wengi wenye lugha hii kichwani wasioitia kinywani. Na mgeni hawezi kulaumiwa kwa kutosema lugha ambayo kila alipoigusa ilinyakuliwa mkononi mwake.

Liko jambo baya zaidi, nalo hulisemwa kwa nadra. Mwenyeji aamuaye lugha ya kumjibu mtu kwa kumtazama uso, rangi au jina, ameifanya lugha kuwa alama ya ukoo. Mtu mweusi aliyezaliwa Barcelona, au binti wa Kichina aliyesoma shule zote za Katalunya kwa Kikatalani, huweza kusemeshwa Kihispania maisha yake yote na watu wanaodhani wanamfanyia hisani. Kwa kila hisani ya namna hiyo huambiwa bila ya maneno: wewe si wa hapa. Wapenzi wa lugha wanaolia kuwa Kikatalani kinapungua, wakati huohuo wakiwabagua wale ambao wangekiongeza, wanatoboa mtumbwi huku wakilaumu bahari.

Hata hivyo wako waliopenya. Najat El Hachmi alizaliwa Nador, nchi ya Moroko, akaletwa Katalunya akiwa mtoto. Mwaka 2008 riwaya yake *L'últim patriarca* ilipata tuzo la Ramon Llull, ambalo ni miongoni mwa matuzo makubwa ya fasihi ya Kikatalani. Matthew Tree ni mzaliwa wa London aliyejifunza lugha hii ukubwani na kuandika vitabu kwayo. Hawa hawakuja kuangalia fasihi ya wengine dirishani. Waliingia ndani, wakaongeza chumba.

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi husoma methali hii ya pili kama kemeo kwa mgeni mvivu. Mimi naisoma kama onyo kwa mwenyeji. Maana mgeni ambaye siku ya tatu, na ya thelathini, na ya mia tatu hajapewa jembe, amenyimwa shamba. Atalishwa vizuri, atachekewa, na hatakuwa mtu wa mahali pale milele. Na mwenyeji naye hatapona, kwa sababu uponyaji aliouleta mgeni ulikuwa katika mikono yake, na mikono hiyo haikupewa kazi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna haki ya kulisema hili, kwa kuwa lugha yetu ni ushahidi wake. Walio wengi katika wasemao Kiswahili leo hawakuzaliwa nacho; walikipata sokoni, shuleni, kambini, bandarini na safarini, baada ya lugha za mama zao. Walikosea ngeli, walichekwa kidogo, wakajibiwa kwa Kiswahili. Kama watu wa pwani wangalimnyamazia kila mtu aliyekosea, Kiswahili kingalikuwa leo lugha nzuri ya miji michache ya ufukoni, chenye mashairi bora na wasomaji haba. Kilikua kwa kuwaachia wanagenzi wakitumie kabla hawajakijua vema. Nasi tusijisifu kupita kiasi, maana wako miongoni mwetu wamwonapo mgeni hukimbilia Kiingereza ili waonekane wamesoma. Ugonjwa ni uleule. Dawa yake ni ileile.

Chuo kikuu kinaingiaje hapa? Kinaingia kwa sababu chenyewe ndicho mahali ambapo mwanagenzi amesajiliwa kwa jina la mwanagenzi. Dukani yeye ni mteja, njiani ni mpita njia, lakini darasani amekuja ili ajifunze, na amelipa ada kwa ajili hiyo. Na hapa twakumbuka tena Ramon Llull. Mtu huyu, ambaye ndiye baba wa nathari ya Kikatalani, alikuwa yeye mwenyewe mwanagenzi wa ukubwani. Alipokwisha pita umri wa miaka 30 alianza kujifunza Kiarabu, akakaa nacho miaka 9, na mwalimu wake alikuwa mtumwa Mwislamu aliyemnunua. Mwaka 1276 kilianzishwa kwa juhudi yake chuo cha Miramar, kisiwani Mallorca, ili watawa wafundishwe Kiarabu. Aliposhika uzee alisimama mbele ya mkutano wa kanisa wa Vienne wa mwaka 1311 na 1312, na mkutano huo ukaagiza kuwa Kiebrania, Kiarabu na Kikaldayo vifundishwe katika vyuo vya Paris, Oxford, Bologna na Salamanca. Nia yake ilikuwa kuhubiri dini, na njia aliyompatia mwalimu wake haiwezi kutetewa. Lakini jambo moja alilifahamu kuliko wakuu wengi wa vyuo vya leo: kwamba mwenye elimu hashushwi hadhi kwa kurudi darasa la wanaoanza, na kwamba chuo kisichokuwa na darasa la wanaoanza hakina haki ya kuitwa nyumba ya lugha.

Leo mafunzo ya Kikatalani kwa wanaoanza yako katika vyuo vikuu vingi nje ya nchi yake, na Taasisi ya Ramon Llull, iliyoanzishwa mwaka 2002, huyasaidia. Hilo ni jema. Lakini mara nyingi somo hilo huwekwa kama ua mezani: saa mbili kwa wiki, alama zisizohesabiwa katika shahada, mwalimu wa mkataba wa mwaka mmoja, na chumba kisichotakiwa na mtu mwingine. Mwanafunzi akifaulu, haendelei, maana darasa la pili halipo. Kisha mwisho wa miaka michache mkuu wa idara hutoa hesabu kuonyesha kuwa wanafunzi ni wachache. Amepanda mbegu juu ya jiwe, naye aja na daftari kuthibitisha kuwa mbegu ilikuwa mbovu.

Na katika vyuo vya Katalunya kwenyewe imeingia desturi nyingine. Mwalimu ameandikwa kwamba atafundisha kwa Kikatalani. Darasa lina watu 60. Mmoja anyosha mkono na kusema haelewi, na mwalimu, ili asionekane mkali, awahamisha wote 60 kwenda katika Kihispania. Mle darasani huenda wakawamo wageni wengine watano waliojifunza Kikatalani kwa jasho ili waje wasikie somo hilo, hao hawakuulizwa. Hivyo aliyejitahidi hupata adhabu, na asiyejitahidi hupata mwalimu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kuwa mwanafunzi wa kubadilishana hukaa miezi mitano tu, naye amekuja kusoma uchumi au ujenzi, hakuja kusoma lugha. Hoja hii ina uzito wake, nami siipuuzi. Mtu huyo astahili kuambiwa mapema, kabla hajapanda ndege, lugha ya kila somo. Astahili mafunzo ya mwezi mmoja kabla ya masomo kuanza. Astahili mwalimu amweleze kando baada ya kipindi kwa lugha yoyote wanayoelewana. Lakini kumsaidia mtu si kuigeuza nyumba nzima kwa ajili yake. Aendaye Copenhagen miezi mitano hukuta ameandikiwa lugha ya somo lake, akachagua. Aendaye Barcelona naye na achague, na uchaguzi wake ukisha fanyika uheshimiwe na pande zote mbili.

Wala sitamsamehe mwanagenzi mwenyewe. Jembe ni zito, na asiyetaka kulima asilione kuwa ni tusi. Ajue kuwa "déu" ni Mungu na "deu" ni kumi, na kwamba alama ndogo juu ya herufi si pambo. Ajibiwapo kwa Kihispania, aendelee kwa Kikatalani bila ya hasira, mara ya pili na ya tatu. Asingoje awe fasaha ndipo aseme, maana ufasaha ni mtoto wa kusema. Iko kazi ya kujitolea ambayo serikali ya Katalunya imeiendesha tangu mwaka 2003, ambamo mwenyeji mmoja na mwanagenzi mmoja huahidiana saa 10 za mazungumzo, saa moja kwa kila wiki. Jambo hilo ni rahisi, halina gharama kubwa, na kila chuo chaweza kuliiga, hata kilicho mbali na Katalunya.

Basi ninayoyadai ni haya. Somo la wanaoanza lihesabiwe katika shahada kama masomo mengine, na baada yake liwepo la pili na la tatu. Lifundishwe kwa namna ambayo asiyejua Kihispania aweza kuingia. Lugha iliyoandikwa katika orodha ya masomo isibadilishwe katikati ya kipindi kwa mkono mmoja ulionyoshwa. Na mwenyeji, awe mwalimu, karani au mwanafunzi mwenzake, amsikiapo mgeni akianza kwa Kikatalani kibovu, amjibu kwa Kikatalani chema, polepole, wala asimhurumie.

Huruma hiyo imekwisha igharimu lugha hii kutosha. Mgeni amekwisha fika, siku ya tatu imekwisha kucha, na shamba linaota magugu. Apewe jembe.